Nani atalipa mashini inayongoja? Historia ndogo ya umeme, kutoka Omate mpaka Tegeta na kurudi



Lisansi yangu ni ya kilimo, kwa hiyo mulizoea niandike juu ya muhogo na ugonjwa wa migomba. Leo nitaandika juu ya umeme. Wengine watauliza: huyu agronome anatafuta nini ndani ya mambo ya waenjinia? Nawajibu hivi: niliingia mule juu ya kuku waliokufa, na kura moja niliyoipiga vibaya.

1. Kura ya Omate

Mwaka 2022 nilikuwa nafanya kazi ya kushauri wakulima kule Omate, ndani ya Walikale. Omate inajulikana juu ya dhahabu. Waya wa SNEL haufiki fasi ile. Mwenye kutaka mwangaza anajitafutia: plaki ya jua juu ya bati, ao grupu ndogo ya esansi inayopiga kelele mpaka saa tatu za usiku.

Sisi tulijiunga watu 11: wenye maduka, kijana wa kuchaji simu, mama mwenye mashini ya kusaga, na mimi na frigo yangu ya chanjo. Tuliweka plaki na batri pamoja, tukanunua grupu moja ya mazutu kwa ajili ya siku mbaya. Kila mwezi tulichanga makuta. Sehemu moja ilikuwa ya kulinda bidoni ya mazutu isiyoguswa. Sehemu ingine ilikuwa ya papa mmoja aliyeangalia grupu: aiwashe kidogo kila juma, abadilishe mafuta, asisafiri bila kuacha mtu.

Miezi mitano jua lilituhurumia. Grupu haikufanya kazi hata usiku mmoja, isipokuwa zile dakika za kujaribu. Tukaitana mkutano. Mmoja wetu akasema: "Ile grupu inalala tu. Juu ya nini tunailipa kila mwezi sawa vile mutu wa kazi?" Watu wakacheka. Tukapiga kura kwa kuinua mikono, na watu 10 wakakubali tuache kuchanga. Mimi nilikuwa ndani ya wale 10. Mama wa mashini peke yake alikataa. Alisema tu: "Wanangu, siku moja mutakumbuka."

Tuliuza mazutu. Papa akaenda kutafuta maisha kwenye mashimo ya dhahabu. Juma la sita, chanjo za Newcastle, ule ugonjwa wa kuku ambao wengine wanaita kideri, zikafika kwa ndege ndogo mpaka Kilambo, kisha kwa pikipiki. Chanjo ile inapaswa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Halafu mvua ikaanza. Ilinyesha siku tatu, mawingu yamefunga. Usiku wa pili batri yetu ikaisha. Tukakimbilia grupu: bidoni tupu, papa hayupo, na batri ya kuiwashia ilikuwa imekufa juu ya kukaa bure. Siku ya nne nilifungua frigo, nikakuta chupa ni vuguvugu. Nikazitupa.

Mbele ya mwezi kuisha, ugonjwa ukaingia. Mama wa mashini alikuwa na kuku 26, ndio aliokuwa anategemea kwa minervali ya binti yake ya sekondari. Walibaki watatu. Hakuniambia neno. Ingekuwa rahisi kama angenitukana.

2. Umeme si muhogo

Baadaye nilianza kusoma, nikitaka kujua kama kosa letu lilikuwa la kijiji tu. Niliona kwamba nchi kubwa zimepiga kura ile ile ya Omate, na zimelipa zaidi kuliko sisi.

Muhogo unaweza kuungoja. Unauacha ndani ya udongo mwaka mzima, hata zaidi, unauchimba siku unahitaji. Umeme hauko hivyo. Ule unaotumika sekunde hii unapaswa kuzalishwa sekunde hii, ama utoke ndani ya akiba sawa vile batri ao ziwa nyuma ya baraji. Watu wakiwasha mashini nyingi na uzalishaji usipande pamoja nao, mashini zingine zinajikata zenyewe kwa kujilinda, na giza linaweza kushika nchi nzima.

Kwa hiyo mfumo wa umeme unafanya kazi tatu, na watu wanaona moja tu. Ya kwanza ni kuzalisha: zile kilowati-saa tunazohesabu kwenye kaunta. Ya pili ni kuwa tayari: kuwa na uwezo unaoweza kuitwa wakati wowote, hata usipoitwa. Ya tatu ni kujipinda: kupanda na kushuka haraka, ao kuhamisha matumizi toka saa mbaya kwenda saa nzuri. Waenjinia wanaita hii ya tatu unyumbufu.

Shida ni hii. Mashini ya akiba inaweza kufanya kazi saa 100 kwa mwaka, lakini mwaka uko na saa 8.760, na katika saa zote hizo inalindwa, inatengenezwa, na mkopo wake unalipwa. Ukiilipa zile saa 100 peke yake, mwenye nayo atafunga na kwenda, sawa vile papa wetu alivyokwenda kwenye mashimo. Na dunia ikiongeza umeme wa jua na wa upepo, jambo ambalo ni zuri, mashini ile inaitwa mara chache zaidi, lakini siku inaitwa inahitajika kabisa.

Kwetu Masisi, mama yangu alikuwa anatundika mahindi ya mbegu juu ya jiko, ndani ya moshi. Wakati wa njaa tuliyaangalia kwa macho makali. Hakuna mtu aliyesema mahindi yale yanalala. Kila mtoto alijua kwamba yanafanya kazi. Juu ya nini basi hatukuona vile kwa grupu?

3. Sisi tulifundishwa kuhesabu megawati

Nafikiri sababu moja iko ndani ya historia yetu. Tangu shule ya msingi tunasikia ukubwa: Inga I, mwaka 1972, megawati 351, Inga II, mwaka 1982, megawati 1.424. Kisha ule waya wa kilometa karibu 1.700 toka Inga mpaka Katanga kwa ajili ya migodi, uliopita juu ya vijiji bila kuviachia hata taa moja. Tunaimba Inga sawa vile utajiri uliokwisha kupatikana. Na Walikale inachangia: mto Lowa unaingia Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo. Matone ya mvua iliyoharibu chanjo zangu huenda yalipita ndani ya turbini za Inga. Yalifanya umeme, lakini si kwetu.

Kwa Kivu, historia ni ya Ruzizi. Ruzizi I ilianza mwaka 1958, wakati wa Wabelgiji, na leo uwezo wake ni karibu megawati 30. Ruzizi II ilikuja mwaka 1989, karibu megawati 44, ikiwa mali ya nchi tatu, Zaire, Rwanda na Burundi, kupitia kampuni ya SINELAC iliyotoka ndani ya CEPGL. Ruzizi III ya megawati 206 tungali tunaingojea. Angalieni jambo moja: baraji zile zinakunywa maji ya Ziwa Kivu. Ziwa lile ni sawa vile batri kubwa ya asili. Mvua ikikosekana mwezi mmoja, turbini hazisimami palepale. Tulipewa unyumbufu na Mungu, lakini ndani ya hotuba tunasikia megawati tu.

Sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa watu binafsi. Ndipo Virunga Energies ikajenga Matebe kule Rutshuru, megawati karibu 13, iliyozinduliwa Desemba 2015. Ndipo Nuru ikaweka mtambo wa jua wa megawati 1,3 Goma mwaka 2020. Mtambo ule nimeupenda sana, juu ya plaki haziko peke yake: ziko na batri, ziko na jenereta ya akiba. Yaani tangu mwanzo walihesabu siku ya mvua.

Na kwetu siku ya mvua si mvua tu. Januari 2025, wakati mapigano yalifika Goma, mji ulibaki bila umeme, na bila umeme pampu za maji zikasimama. Watu wakarudi kuchota ziwani. Mfumo usio na akiba unaonyesha uzaifu wake siku ile ile ambayo watu wamechoka kabisa.

4. Tegeta: ukilipa kungoja bila kuangalia

Hapa mutaniambia: basi jibu ni rahisi, tulipe mashini za kungoja. Hapana, wandugu. Majirani zetu wa Tanzania walilipa, na machozi yao tuyasome vizuri.

Mwanzo wa miaka ya 1990 ukame uliwapiga. Umeme wao mwingi ulitoka kwenye mabwawa, maji yakashuka, mgao ukaanza. Ndani ya haraka ile, mwezi wa tano 1995, TANESCO ilitia sahihi mkataba wa miaka 20 na kampuni binafsi iliyoitwa IPTL, kwa mtambo wa mafuta wa megawati 100 kule Tegeta, Dar es Salaam. Ndani ya mkataba kulikuwa malipo ya uwezo: kila mwezi TANESCO inalipa juu ya mtambo kuwa tayari, hata kama hauwashwi.

Malipo ya namna ile si dhambi. Ni kama bidoni yetu. Dhambi ilikuwa kwingine: hakukuwa na mashindano ya wazi, na bei ya mtambo, ambayo ndiyo inaamua ukubwa wa malipo, ilibishaniwa mpaka mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Mtambo ulianza kazi ya biashara mwaka 2002 tu, miaka karibu saba nyuma ya sahihi. Ugomvi juu ya malipo ukaendelea, na mwaka 2006 makuta yakaanza kuwekwa kwenye akaunti maalumu ndani ya Benki Kuu, mpaka haki ijulikane. Mwisho wa mwaka 2013 akaunti ile ikafunguliwa, na mamia ya mabilioni ya shilingi yakatoka. Novemba 2014 Bunge likawaka moto. Watanzania wanaiita mpaka leo Tegeta Escrow, na wakubwa serikalini walipoteza viti.

Hawakuwa wamesahau hata ile ya mbele. Mwaka 2006 ukame mwingine ulileta mkataba mwingine wa haraka, ule wa Richmond, na mwezi wa pili 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu.

Somo nililolichukua: giza linazaa haraka, na haraka inazaa mkataba mbaya. Anayenunua akiba siku ya mvua atauziwa bei ya mvua. Akiba inanunuliwa wakati jua linawaka, yaani wakati ule ule ambapo kila mtu anaona haina kazi.

5. Wengine walijaribu mnada

Nchi zingine zilifanya kungoja kuwe bidhaa yenye soko lake. Chile ilianza kulipa uwezo tangu sheria yake ya umeme ya mwaka 1982. Uingereza ilikuwa na malipo ya namna ile ndani ya soko lake la 1990, ikayaacha mwaka 2001, kisha ikarudi: sheria ya 2013 iliunda soko la uwezo. Mnada wa kwanza ulifanyika Desemba 2014, kwa ajili ya majira ya baridi ya miaka minne mbele. Kila mwenye mashini alisema bei yake ya kungoja. Mnada ukafunga kwa pauni 19,40 kwa kila kilowati kwa mwaka, kwa karibu megawati 49.000. Aliyeshinda analipwa, lakini siku ya kuitwa asipotokea anakatwa.

Si kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Sehemu kubwa ya makuta ilikwenda kwa vituo vya zamani ambavyo pengine vingebaki tu, na jenereta ndogo za mazutu nazo zikaingia, wakati nchi inasema inakimbia moshi. Polepole batri zikaanza kushindana mule. Hata mtu anayekubali kuzima mashini zake siku ya shida anaweza kulipwa, juu ya kwa mfumo, kilowati isiyotumika ni sawa na kilowati iliyozalishwa.

Texas ya Marekani ilichagua njia ingine: kulipa umeme uliotoka tu. Bei inaachiwa ipande sana siku ya shida, na matumaini ya bei ile ndiyo yanapaswa kumshawishi mtu aweke akiba. Februari 2021 baridi kali ilifika. Mashini zilikuwepo, lakini nyingi, pamoja na visima na mabomba ya gesi, hazikuandaliwa kwa baridi. Nyumba zaidi ya milioni 4 zikaingia gizani, na serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Wataalamu wangali wanabishana kama soko la uwezo lingesaidia. Mimi nimebaki na neno moja: kuwa na mashini si kuwa tayari. Grupu yetu nayo ilikuwepo pale pale, nzuri, na batri yake imekufa.

6. Luviro: mteja anayekubali kukatwa

Kuna upande wa pili ambao unanifurahisha zaidi, na mfano wake uko ndani ya jimbo letu. Kule Luviro, Lubero, Hifadhi ya Virunga ilijenga baraji ya megawati karibu 14. Maji yakaja, turbini zikazunguka, lakini waya za kufikisha umeme wote kwa watu hazikuwa bado. Mwaka 2020 wakaweka kontena zenye kompyuta za kutafuta bitcoin. Kompyuta zile zinakula umeme ambao ungepotea, na ziko na tabia moja ambayo frigo yangu haina: unaweza kuzizima dakika yoyote na hakuna mtu anayelia.

Najua munasema nini. Umeme wa mito yetu unalisha kompyuta, na Masisi iko gizani! Nami ilinichoma. Lakini tusichanganye mambo mawili. Waya kukosekana ni deni la wakubwa, na tuendelee kulidai. Kuwa na mteja anayekubali kukatwa ni maarifa ya kweli. Na mteja yule si lazima awe kompyuta. Anaweza kuwa mashini ya kusaga, ao pampu inayojaza tanki, ao jiko la kukaushia kahawa na kakao. Kazi hizi zote zinakubali kungoja masaa mawili. Agronome anazijua kuliko mwenjinia. Njo maana nasema mambo haya ni yetu pia.

7. Kurudi Omate

Nyuma ya kuku kufa tulikutana tena. Hakuna aliyecheka. Mama wa mashini ndiye alitupa masharti, naye hajasikia hata siku moja juu ya mnada wa Uingereza. Kwanza, kila mtu achange tena, wenye kutumia zaidi wachange zaidi. Pili, mtu yeyote wa kikundi anaweza kufika bila kupiga hodi na kusema "washa!" Grupu isipowaka, papa hapati mshahara wa juma lile. Tatu, vitabu vya makuta vinasomwa mbele ya wote, asijifiche mtu. Nne, yeye mwenyewe atasaga kuanzia saa tano mpaka saa tisa, wakati jua liko kali, na siku za mawingu mashini yake inasimama wa kwanza, kisha simu, na frigo inakuwa ya mwisho.

Malipo ya kungoja, adhabu, uwazi, unyumbufu. Yote manne yalikuwa ndani ya maneno ya mama mmoja chini ya bati linalovuja. Ile ya tatu ndiyo Tegeta iliikosa.

Siku moja ninyi munaosoma hapa mutakaa kwenye meza fulani, ndani ya wilaya ao wizara, ao ndani ya komite ndogo ya kijiji. Watawaletea karatasi ya baraji, ya plaki, ya jenereta. Musiulize megawati ngapi tu. Ulizeni: usiku wa mvua ya siku ya tatu, nani anangoja? Analipwa nini? Nani anamjaribu? Na asipowaka, nani anapoteza?

Mwaka uliofuata nilimpelekea mama yule vifaranga 10, wenye chanjo. Alivipokea kwa mikono miwili, akavihesabu, kisha akaniangalia:

"Asante, mwanangu. Ile bidoni, iko na mazutu?"

Nilikwenda kuangalia mbele ya kumjibu. Ilikuwa imejaa.